Turubai la Mtumbwi

Hapa Kindu mto Lualaba ndiyo njia yetu kuu. Mitumbwi yashuka hadi Ubundu, mwendo wa kilomita kama 300, imejaa mchele, mihogo mikavu na mawese. Mwenye chombo cha tanga hulishonea tanga lake mfuko, jua lisile kitambaa. Sisi twaenda kwa kasia na kwa injini. Basi twashona turubai la kufunika mizigo.

Mvua moja ya usiku yatosha kuharibu mavuno. Gunia likilowa, mchele huota ukungu, na pesa za masomo ya watoto zimekwenda na maji.

Yafaa kupima wakati magunia yamekwisha pangwa, si juu ya mtumbwi mtupu. Vuta kamba toka ubavu hadi ubavu, ipite juu ya shehena, kisha ongeza mkono mmoja kila upande.

Vipande viwili vya turubai tusivipandanishe tu. Tukunje ukingo wa kimoja ndani ya ukingo wa chenzake, tushone mistari miwili. Mdomo wa mkunjo uelekee chini, kama majani ya paa, ili maji yapite juu yake. Uzi wa pamba huoza upesi; uzi wa nyavu ni bora. Tuupake nta ya nyuki, nayo itasaidia kuziba matundu ya sindano. Pembeni, penye kuvutwa na kamba, tuongeze viraka.

Kisha tulitundike turubai, tumwage ndoo ya maji, na mtu aangalie kwa chini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Safarini tuweke mti katikati ili maji yasituame. Ncha mbili ziachwe wazi, kwa maana mchele uliofungiwa joto hutoa jasho. Jua likiwaka, tufunue.

Lakini neno moja lapita yote: turubai ni la mizigo, si la watu. Tusifunge kamba juu ya mahali wanapokaa mama na watoto. Mtumbwi ukipinduka, turubai lililokazwa huwa mtego. Fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja, na kila abiria aonyeshwe kabla ya kuondoka. Mchele ukipotea tutalima tena, mtu hatumlimi.