Kuchora kwa Rangi za Udongo Nyumbani

Mwanachuo akirejea kutoka mazoezi ya kufundisha, aghalabu hunieleza kwamba somo la kuchora halikufanyika kwa sababu mbili: rangi hazikupatikana, na darasa lingechafuka. Sababu ya kwanza ni rahisi kuijibu. Jibu la pili nilijifunza nyumbani kwangu, si chuoni.

Mwanangu alikuwa na umri wa miaka 4. Chuoni nilikuwa nikifundisha kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa kutenda. Nyumbani Shinyanga nilimkataza mtoto huyo kugusa tope. Siku moja, baada ya mvua, alitumbukiza mikono katika udongo mweusi wa mbuga, akaichapa ukutani. Nilikwisha kufungua kinywa nimkaripie, ndipo nikamsikia akihesabu alama za vidole: kimoja, viwili, hata vitano, kisha akahamia mkono wa pili. Nilinyamaza. Ukuta ulisafishwa jioni ile ile. Kama ningemkaripia, hesabu ile ingekatika.

Tangu siku hiyo tukawa na kazi ya rangi kila Jumamosi. Udongo mwekundu na ule mweusi tuliupondaponda, tukauchekecha kwa kitambaa, tukauchanganya na maji yaliyosuuzia sufuria ya uji ili rangi ishike karatasi. Nasema maji ya kusuuzia, wala si unga wenyewe, kwa kuwa mkoa wetu unaujua ukame, na mtoto asizoeshwe kuchezea chakula. Weusi ulitoka katika mkaa uliosagwa, njano katika manjano ya jikoni, na kijani katika majani yaliyotwangwa. Brashi zilikuwa vijiti vilivyotafunwa ncha na pamba iliyofungwa kwenye ubua. Karatasi zilikuwa maboksi yaliyopasuliwa.

Uchafu una utaratibu wake. Tandika gunia mahali pa kazi. Mtoto avae nguo kuukuu. Ndoo ya maji na sabuni viwe tayari kabla ya rangi. Kabla hajachanganya rangi mbili, mwulize anadhani itapatikana rangi gani. Akimaliza, usimwulize, "Hiki ni nini?" kana kwamba ameshindwa kukichora. Mwambie, "Nieleze habari za picha yako." Hapo utapata somo la lugha ambalo hukuliandaa. Mwisho, aoshe vyombo yeye mwenyewe, maana usafi baada ya kazi ni sehemu ya kazi.

Yaliyofuata ningependa kuyanyamazia, lakini yana faida kwenu kuliko hayo yaliyotangulia.

Wakati wa likizo nilikaa kwa dada yangu, katika kijiji cha wachimbaji wadogo mkoani Geita. Watoto wa majirani walikusanyika barazani, nami nikawaagiza kila mmoja alete udongo wa rangi yake. Mvulana mmoja, wa umri wa miaka 6 hivi, alileta kopo la udongo wa kijivu, laini kama unga. Nilimsifu mbele ya wenzake. Watoto waliuchovya kwa vidole, wakachora kwa furaha. Dada yangu alipotoka ndani, alilitazama kopo, akamwuliza mtoto alikoutoa.

"Mwaloni, kwa baba."

"Hayo ni marudio," dada akaniambia. "Mwalimu mzima, hukuuliza kwanza?"

Marudio ni mabaki ya mawe yaliyosagwa kwenye karasha na kuoshwa mwaloni. Wachimbaji wengi hutumia zebaki ili kuzinasa chembe za dhahabu, na sehemu ya zebaki hiyo hubaki katika mabaki. Ni sumu inayodhuru ubongo na figo, na mtoto mdogo, ambaye mkono wake haukai mbali na kinywa, yumo hatarini zaidi. Mawe yenyewe huweza kuwa na madini mengine ya hatari. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara nchini Nigeria, mamia ya watoto walikufa kwa sumu ya risasi iliyotoka katika mawe ya dhahabu yaliyosagwa vijijini mwao. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020; lakini mkataba haumnawishi mtoto mikono. Kazi hiyo ni yetu.

Tuliwaogesha watoto kwa sabuni, tukafua nguo zao mbali na nyingine, na mabaki tukamrudishia mwenyewe badala ya kuyamwaga uani. Hatukuona mtoto aliyeugua siku zile. Hata hivyo sumu ya namna hii haina desturi ya kujitangaza siku ile ile, na kwa hiyo sijatulia mpaka leo.

Yule mvulana alisimama kando, mikono ameificha nyuma. Alikuwa ameleta kilicho bora kwao, akasifiwa, kisha akaona kikiondolewa kwa hofu. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba kosa ni langu, kwa kuwa sikuuliza; kwamba kazi ya baba yake haina aibu, ila udongo uliokwisha kutumika kutafuta dhahabu haufai kuchezewa na watoto. Kesho yake tulichora kwa mkaa na manjano tu. Alichora watu walioinama, na maji yakiteremka katikati yao. Sikuhitaji kuuliza ni mahali gani.

Walimu wenzangu, msiogope uchafu wa tope safi. Hutoka kwa maji. Lakini kabla mtoto hajatia kidole katika rangi yoyote ya udongo, ulizeni umetoka wapi. Palipo na shaka, udongo uachwe, mkaa na majani yatatosha. Na aliyeuleta kwa nia njema asiachwe amesimama kando.