Medali ya Nkambo



Juma lililopita, katika somo la historia, mwalimu aliuliza: "Nani alipigana katika vita ya pili ya dunia?" Tulitaja Wazungu tu. Mimi mkubwa wenu wa wanafunzi nilinyamaza, na kwetu kuko medali katika sanduku, imeandikwa Abyssinie.

Ni ya nkambo wa baba yangu, askari wa Force Publique. Mwaka 1941 askari wetu walipita Sudani mpaka Abisinia kupigana na Waitalia. Waliteka Asosa mwezi wa Machi, kiisha Gambela, na tarehe 3 Julai Jenerali Gazzera akajitoa mikononi mwao kule Saio. Wengine walifika Nijeria, Misri, hata Burma. Kinshasa kuko barabara yenye kuitwa Saio. Wangapi kati yetu wanajua sababu?

Mwezi uliopita makuta ya mtihani wa serikali ilikosekana. Baba mdogo akataka kuuza ile medali. "Chuma hii haifundishi mutu," akasema. Kweli, mimi nilikubali. Lakini nkambo mwanamke, binti ya yule askari, akaishika mukononi. "Baba yangu unamujua. Ndugu yake je?"

Sikujua kitu. Akanieleza: ndugu yake alibaki hapa kwetu Shinkolobwe, akafanya kazi ya mugodi. Mawe ya Shinkolobwe yalipelekwa Amerika, na urani nyingi ya bomu lililoangushwa Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka ndani yake. Askari alivaa unifomu, akapewa medali. Mchimbaji hakupewa hata kipande cha chuma.

"Tukiuza hii," nkambo akasema, "hata huyu wa medali atasahauliwa sawa yule mwingine."

Akauza mifuko yake miwili ya mahindi. Njo namna nilivyoandikwa kwa mtihani.

Wandugu, kila asubuhi mimi ninaita majina yenu, na mwenye kukosa ninamwandika. Nilipata haya: majina ya nyumba yangu mwenyewe sikuyaita. Basi, siku ya mungu mukiwa nyumbani, muulize wazee: nani wa kwetu alikwenda vitani, na nani alibaki akiifanyia vita kazi? Siku ya kwanza mulete majina. Mwalimu wa historia ameitika kuyaandika katika daftari.

Mimi nitaleta mawili.