Watatu, Kapungua Mmoja

Ndugu msomaji, niwie radhi leo nikikutoa kidogo katika mambo ya mitaa yetu nikakupeleka mbali, hadi mji wa Chengdu, makao makuu ya jimbo la Sichuan nchini China. Huko nilifika mwaka 2018, mara baada ya kumaliza kozi fupi ya uandishi wa habari mjini Beijing. Nakuahidi kwamba nitakurudisha nyumbani kabla chai yako haijapoa.

Mwenyeji wangu alikuwa binti mmoja aliyekuwa akisomea Kiswahili chuoni, mkalimani wetu katika kozi ile. Alikuwa amekizoea Kiswahili kiasi cha kunisahihisha mimi ngeli. Siku moja akaniambia, "Kaka, huwezi kuondoka Chengdu bila kumwamkia bibi yangu." Nikaona hilo ni neno la heshima, nikamfuata.

Tulipokuwa tungali kwenye ngazi nilisikia mlio wa ajabu, kama mtu anayechekecha kokoto ndani ya karai. Wachina huufananisha mlio huo na kelele za shomoro, na moja ya majina ya zamani ya mchezo wenyewe ni hilo hilo la shomoro. Mchezo huo ni mahjong. Ndani tuliwakuta bibi watatu wameketi kuzunguka meza ya mraba, na kiti cha nne ki wazi. Mwenye nyumba aliponiona tu alisema jambo, wenzake wakacheka. Binti akanitafsiria: "Anasema walikuwa watatu, kapungua mmoja. Sasa umekuja."

Nilikataa. Nilisema kwa adabu zote, lakini nilikataa, kwa maana niliona sarafu na noti ndogo ndogo pembeni mwa meza.

Hapa sina budi kukueleza jambo ambalo sijapata kuliandika. Baba yangu alikuwa fundi katika karakana moja jijini Dar es Salaam, mtu mpole, asiyekunywa pombe, lakini mtumwa wa karata. Mwisho wa mwezi mama alikuwa akikaa kizingitini hadi usiku wa manane, akisikiliza nyayo. Kutokana na mwendo wa baba alijua kama mshahara umefika au umebaki kwenye mkeka wa watu. Mwaka 1999 ulibaki wote, na ada yangu ya muhula ilikuwa humo. Nilirudishwa nyumbani mbele ya darasa zima. Usiku ule mama aliniapisha kwamba karata hazitaingia mkononi mwangu maisha yangu yote, na mama alipofariki mwaka 2014 kiapo kile kilikuwa kingali kizima.

Basi nikasimama pale kama mti. Binti akamweleza bibi yake. Mzee yule hakukasirika. Aliinuka, akazoa fedha zote akazitia katika kopo, akarudi na bakuli la karanga, akagawa kumi kumi kila upande wa meza. Kisha akaupigapiga ule mto wa kiti kilichokuwa wazi. Ilikuwa ni kiti cha jirani yao aliyecheza nao zaidi ya miaka ishirini, na ambaye alikuwa amefariki katika majira ya baridi yaliyopita. Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Nilijitetea moyoni kwamba kete si karata, nikaketi.

Mchezo wenyewe nitakueleza kwa kifupi, ingawa kuueleza ni rahisi kuliko kuucheza. Seti kamili huwa na kete 144, lakini watu wa Sichuan huondoa kete za pepo nne, za madragoni na za maua, wakabaki na 108. Hizo zimegawanyika katika makundi matatu: ya duara, ya mianzi na ya maandishi. Kila kundi lina namba 1 hadi 9, na kila kete imerudiwa mara nne. Kila mchezaji hushika kete 13, na kila zamu huokota moja na kutupa moja, akitafuta kujenga mafungu manne ya tatu tatu pamoja na jozi moja. Huko Sichuan mshindi wa kwanza haumalizi mchezo. Yeye hukaa pembeni, na waliosalia huendelea mpaka abaki mmoja ambaye hakushinda, au kete za kuokota ziishe. Huyo aliyebaki, bila shaka umekwisha kumkisia, nilikuwa mimi, mara nne mfululizo.

Lililonishangaza zaidi ni michoro. Zile duara, binti alinieleza, zilikuwa picha za sarafu. Ile mianzi, shada za sarafu zilizotungwa kambani kama samaki. Na yale maandishi yanahesabu makumi ya maelfu. Yaani kila nilichokishika kilikuwa ni picha ya fedha! Tena mchezo wenyewe umetokana na karata za kale za Kichina. Wako wanaosema ulibuniwa na Confucius, lakini hiyo ni hadithi tu, kwani kwa sura hii ulitokea katika karne ya 19. Kiapo cha mama, basi, nilikuwa nimekivunja kwa mikono miwili bila kujua.

Na China yenyewe imeuonea shaka mchezo huu kama mama alivyouonea shaka. Baada ya mwaka 1949 serikali mpya ilipiga vita kamari, na wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kati ya 1966 na 1976, kukutwa na kete hizi ilikuwa ni kujitafutia balaa. Bibi alisimulia kwamba marehemu mumewe alizitumbukiza zao mtoni usiku, moja moja, ili zisipige kelele. Mchezo ukaibuka tena katika miaka ya 1980, na mwaka 1998 mamlaka ya michezo ya nchi hiyo ikaupitishia kanuni rasmi kama mchezo wa mashindano. Kamari ingali imekatazwa kisheria, ingawa vijisenti vya mezani baina ya majirani huachwa vipite.

Katikati ya mchezo bibi aliniuliza ni nani aliyenitia hofu ile. Nikamweleza habari za baba, kwa Kiswahili, mbele ya bibi watatu wa kigeni, jambo ambalo sikuwa nimemweleza hata mke wangu. Alisikiliza hadi mwisho huku vidole vyake vikipapasa uso wa kete. Aliijua kwa kugusa tu. Kisha akauliza:

"Baba yako yu hai?"

"Yu hai, Bibi."

"Sasa hucheza na nani?"

Sikuwa na jibu. Baba alikuwa amestaafu, akikaa peke yake kwenye baraza la nyumba ya dada yangu. Vijana walipocheza dhumna ng'ambo ya barabara alitazama kwa mbali, na mimi nilipokuwapo aligeuza kiti akatazama ukuta.

Nilirudi Dar es Salaam na seti moja ndani ya begi. Siku mbili ilikaa mezani na baba hakuigusa. Siku ya tatu, jioni, alifungua kasha, akatoa kete moja na kuisogeza karibu na macho.

"Hizi duara ni kitu gani?"

"Ni fedha za zamani, Baba."

Alicheka hadi akakohoa. "Kumbe hata Wachina!" Akaigeuza kete, akanyamaza kitambo. "Na huyo bibi yako, mliweka nini mezani?"

"Karanga."

Akanitazama usoni, kisha akamtazama dada, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na ufagio mkononi asijue pa kwenda. Tulikuwa watatu. Dada akamwita mpangaji wa chumba cha uani, mama mmoja mcheshi, naye akaja na kigoda chake. Baba akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti ya shilingi elfu moja, akamwita mjukuu wake.

"Babu, karanga za kukaanga au za kuchemsha?" mtoto akauliza.

"Za kukaanga," baba akajibu. "Za kuchemsha zitatuchafulia kete."