Barabara Kuu Ipitapo Milangoni pa Watu

Wasomaji wetu, mwezi huu twataka kuwachukua safarini, kutoka Pande katika wilaya ya Kilwa mpaka mto Rufiji. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambayo wageni huja kuyatazama, tutayaacha kwa siku nyingine. Leo twaieleza barabara, na watu waivukao.

Pande ni nchi ya pwani, nchi ya mikoko, minazi na wavuvi. Katika njia zake za mchanga na udongo kitu chenye kasi ni pikipiki, nayo husikika kabla ya kuonekana, hata kuku wapata nafasi ya kukimbia. Mtoto hujifunza tangu udogo kwamba njia ni mahali pa kutembea na kuamkiana. Bibi akimkuta mwenziwe njiani hutua mzigo wake papo hapo, wakaulizana habari za nyumbani mpaka ziishe. Lakini atokaye huko akashika njia ya bara hufika kwenye lami, barabara kuu itokayo Mtwara na Lindi kwenda Dar es Salaam, na hapo desturi ile njema yaweza kumwua.

Barabara hii ilitamaniwa siku nyingi. Kabla ya mwaka 2003 magari yalivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na wakati wa masika msafiri aliweza kukwama njiani siku kadhaa. Mwaka ule likafunguliwa daraja la Mkapa, ambalo urefu wake ni karibu kilometa moja, kisha lami ikatandikwa vipande kwa vipande, hata kile cha mwisho kati ya Ndundu na Somanga. Sasa mgonjwa hufika hospitali upesi, na korosho, ufuta na samaki hufika sokoni. Mwezi Mei 2024, mvua na kimbunga kilichoitwa Hidaya vilipoikata barabara huko Somanga, kila mtu alijua jinsi tunavyoitegemea. Basi hatuilaumu barabara. Twalaumu mwendo.

Tazameni Nangurukuru, mahali njia ya Kilwa Masoko inapoachana na barabara kuu. Basi husimama, wachuuzi hulizunguka, waendesha bodaboda hungoja abiria. Duka li upande huu, nyumba i upande wa pili. Tazameni na Somanga, ambako wasafiri hununua samaki wa kukaanga. Kwa dereva hapa ni mahali pa kupita. Kwa mwenyeji ni uga wa nyumba yake uliopasuliwa katikati. Kwenda kuteka maji, kwenda shule, kwenda kumzika jirani, yote ni kuvuka.

Sheria ipo. Gari likiingia kijijini hukuta kibao cha 50, yaani lisizidi kilometa 50 kwa saa mpaka kibao cha mwisho. Na penye mistari myeupe iitwayo pundamilia, dereva yampasa kumpisha aendaye kwa miguu. Lakini tulipokuwa ndani ya basi moja tuliona jinsi sheria inavyofuatwa. Dereva aliyetoka mbele yetu alitupigia taa, ishara ya kuwa yuko askari mwenye tochi, kile chombo cha kupimia mwendo. Mara basi letu likaenda taratibu kama linapeleka bibi arusi. Askari alipoachwa nyuma mwendo ukarudi, na kijiji kilichofuata hakikuhesabiwa kuwa kijiji. Basi dereva humwogopa askari, ambaye atamtoza faini, wala hamwogopi mtoto, ambaye aweza kumwua.

Haya, tufanye hesabu. Lami ina upana wa karibu meta 7, na mtoto mdogo huenda karibu meta moja kwa nukta. Atahitaji nukta 7. Katika muda huo gari la kilometa 50 kwa saa limekwenda karibu meta 100, urefu wa uwanja wa mpira. Gari la kilometa 100 limekwenda viwanja viwili. Mtoto huona gari lingali mbali, akavuka. Macho yake hayakukosea umbali, ila hayawezi kupima mwendo. Tena mwendo ukiongezwa mara mbili, breki zahitaji nafasi mara nne ili kulisimamisha gari.

Watu husema, ajali haina kinga. Neno hili limewafariji wengi waliofiwa, nasi hatutaki kuwanyang'anya faraja yao. Lakini lisemwapo kabla ya msiba, huwa ni ruhusa ya uzembe. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, na kwamba kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kiuacho zaidi. Na kinga imekwisha kuonekana katika nchi yetu. Huko Dar es Salaam shirika la Amend limetengeneza mbele ya shule za msingi matuta, vivuko, alama, na njia za kando za waendao kwa miguu. Mwaka 2019 kazi hiyo ikapewa tuzo ya Ross ya miji, itolewayo Marekani. Ni saruji, rangi na vibao, vitu ambavyo mafundi wetu wanavijua.

Basi yatupasa nini? Kwanza, wazazi wawafundishe watoto wasivuke kamwe mbele ya basi lililosimama, wala nyuma yake, bali wangoje liondoke, maana gari lingine hutokea ubavuni pake. Pili, wazee wa kijiji wakae barazani wakubaliane ni wapi watoto huvuka zaidi, kisha wapeleke maombi ya kivuko na matuta kwa wenye kazi ya barabara, wala wasichoke wakijibiwa mara ya kwanza kwamba wangoje. Tatu, nasi abiria tuna vinywa. Dereva akimbiapo kijijini, tumwambie kwa adabu, "Mwanangu, punguza, hapa ni milangoni pa watu." Tukichelewa kidogo kufika, waliotungoja watatuona wazima, na mtoto wa mwenzetu atakuwa amekwisha fika ng'ambo.