Tundu Dogo katika Motokari ya Mzee

Si kila kosa hutoka kwa uvivu. Mengine hutoka kwa kujiona mafundi. Tutawaelezeni jambo lililotupata sisi katika mji wa Coventry, Uingereza, tunakokaa pamoja na mdogo wetu.

Jirani yetu ni mzee mwenye motokari ya zamani, Triumph TR4. Motokari za namna hiyo zilitengenezwa mumo humo Coventry tangu mwaka 1961 mpaka 1965. Mzee huipenda sana, lakini siku hizi mikono yake hutetemeka, wala hawezi tena kujilaza chini yake. Ndiyo sababu alituomba tumsafishie ovadraivu, maana alitaka kumpeleka mkewe baharini siku ya ukumbusho wa arusi yao.

Labda wengine watauliza: Ovadraivu ni nini? Ni chombo kilichofungwa nyuma ya sanduku la vitesi. Kilibuniwa na Mwingereza Edgar de Normanville, kikatengenezwa na kiwanda cha Laycock mjini Sheffield. Ndani yake mna gurudumu la meno la katikati, na magurudumu madogo yanayolizunguka, na duara kubwa la meno linaloyafunika yote. Dereva akiwasha swichi, umeme huinua valvu, mafuta yenye nguvu husukuma pistoni mbili, na gurudumu la katikati hushikwa lisizunguke. Hapo mhimili wa nyuma huzunguka upesi kuliko ule wa mbele. Motokari hii ikienda kilomita 100 kwa saa katika kitesi cha nne, injini huzunguka karibu mara 3,100 kwa dakika. Kwa ovadraivu huzunguka karibu mara 2,550 tu. Hivyo injini hupumua, na petroli hupungua.

Kazi yenyewe si ngumu. Tulimwaga mafuta ya zamani kwa vizibo viwili, cha sanduku na cha ovadraivu. Tukatoa kichujio cha waya, tukakiosha kwa petroli. Tukatia mafuta mapya yasiyo na dawa ya utelezi, kwa maana ndani mna koni ambayo haina budi kushika, isiteleze. Tukaiendesha kidogo, tukapima mafuta tena, tukaongeza. Mzee akasema: «Inatosha. Asanteni.»

Lakini sisi hatukutosheka. Mzee alipokwenda kulala, tuliondoa viti na kifuniko cha katikati, tukafungua kizibo cha juu, tukatoa valvu tuone ilivyo. Ilikuwa safi. Hata hivyo tuliifuta kwa kitambaa cha sufu, tukairudisha pahali pake, huku tukijisifu. Hatukumwambia Mzee neno.

Kesho yake jioni tuliijaribu njiani. Ovadraivu ilishika vizuri. Lakini tulipozima swichi, haikuachia! Injini ikaendelea kuzunguka polepole vile vile. Tukarudi, tukaingia kichochoro cha nyuma ya nyumba, pua ya motokari ikaelekea ukuta. Ilibaki kurudi nyuma hatua chache tu, tuingie bandani mwa Mzee.

Mdogo wetu akasema: «Kaka, tia kitesi cha nyuma, twende tukale.»

Mkono ulikuwa umekwisha kushika kijiti. Mara tukakumbuka onyo la kitabu cha mafundi: ovadraivu isipoachia, usirudi nyuma kamwe.

«Lakini kaka, katika kitesi hicho umeme umekatika!»

Ni kweli. Umeme hupita katika vitesi vya pili, tatu na nne tu. Lakini swichi hukata umeme. Haiwezi kuyatoa mafuta yaliyokwama. Tena ndani mna chombo kinachoshika upande mmoja tu. Motokari ikirudi nyuma huku gurudumu la katikati limeshikwa, chombo hicho hujikaza kushindana na meno, na kitu huweza kuvunjika. Hata kuisukuma nyuma kwa mikono ni hatari ile ile, maana magurudumu huugeuza mhimili.

Haikubaki njia ila kumwamsha Mzee na kumwambia tuliyomficha. Nyumba yake ilikuwa hatua ishirini tu, lakini hatujapata kutembea mwendo mrefu kama ule.

Alikuja na fimbo yake na kiti. Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: «Mliifuta kwa kitu gani?» Tukamwonyesha kitambaa. Akatikisa kichwa, akaketi, akaanza kutuongoza.

Tulifungua umeme pasipo kuwasha injini, tukatia kitesi cha nne, tukawasha na kuzima swichi mara kumi na mbili, nguvu ya mafuta ipungue. Tukaondoa viti na kifuniko, tukalegeza kizibo polepole, tukatoa kamba ya chuma iliyojikunja, na gololi, na valvu. Ubavuni mwa valvu mna tundu jembamba kama ncha ya sindano. Ovadraivu inapozimwa, mafuta ya pistoni hutokea hapo. Kumbe, uzi mmoja wa sufu ulikuwa umeliziba! Tukalizibua kwa waya mwembamba, tukaiosha valvu kwa petroli, tukaiacha ikauke yenyewe. Mafuta yaliyofungwa yalikuwa yamekwisha kutoka, basi tukaisukuma motokari bandani pasipo shida. Kesho yake ovadraivu ikashika na kuachia kama zamani.

Mzee alituambia maneno haya tu: «Vijana, kitambaa si neno. Neno ni kwamba mlifungua nisichowaomba, mkanyamaza. Mngalirudi nyuma usiku ule, ningalivunjikiwa pasipo kujua sababu.»

Wazee wetu husema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sisi tumejifunza na upande wa pili: usipozibua tundu dogo, utanunua sanduku zima. Na anayeficha kosa lake kwa mwenye mali amekwama vile vile: mbele ukuta, na nyuma hawezi kurudi. Ajapo kusema kweli, njia hufunguka.

Mzee na mkewe walikwenda baharini, wakarudi salama. Walituletea samaki.