Mji Uliofunikwa na Mlima

Msomaji mpenzi, ukijaliwa kufika Alberta, nchini Kanada, usiishie kutazama majumba marefu ya Calgary na Edmonton, kama nilivyotaka mimi. Shika njia ya kusini hadi Frank, zamani mji wa makaa ya mawe. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 1903 Mlima Turtle uliporomoka, ukafunika sehemu ya mji. Watu wapatao 90 wakafa. Wenyeji wa asili waliuita mlima unaotembea. Nani aliwasikiliza? Wachimbaji 17 waliokuwa mgodini walijichimbia njia, wakatoka hai. Leo barabara yapita katikati ya mawe yale, mengine makubwa kama nyumba. Wengi wa waliokufa hawakufukuliwa kamwe. Nilikuwa nimechoka, lakini sikuthubutu kukalia jiwe hata moja.