Gari Lililokanyaga Mayai

Mwenye gereji alisimama mbele ya bango langu, akacheka. Hakucheka kwa ubaya, nadhani ndiyo maana iliniuma zaidi. "Gari hili limekanyaga mayai," akasema, na hela hakutoa. Rangi nilikuwa nimekopa. Kodi ya chumba Buguruni nilidaiwa miezi mitatu.

Bodi, vioo, taa, vyote niliviweza. Magurudumu ndiyo yaliyonishinda. Gari likionekana ubavu mtupu, niliweka kopo la rangi na kulizungushia penseli, basi. Likigeuka kidogo, kama linakujia, mkono wangu ulichora kokwa la embe. Ikawa naandika herufi tu, "Hapa tunaziba pancha", na aliyetaka picha nilimwambia picha haidumu juani. Uongo mtupu.

Aliyenitoa hapo ni fundi mmoja mzee wa Gerezani, mtu asiyewahi kushika brashi. Nilishinda kwake siku nyingi nikichora matairi makuukuu, mpaka akachoka kunitazama. "Dogo, wewe unachora tairi. Anza na ekseli." Akapitisha kipande cha nondo katikati ya ringi, akakigeuza huku na huku. Nikaona! Duaradufu ina mhimili mrefu na mfupi. Ule mfupi hufuata ekseli inakoelekea. Mrefu huukata kwa nyuzi 90. Mimi miaka yote nilisimamisha ule mrefu wima kama mlingoti, hata gari likitazamwa kutoka ghorofani.

Akanisomesha na ubavu wa tairi. 185/70R14: upana milimita 185; kimo cha ubavu asilimia 70 ya upana huo, yaani kama 130; ringi ya inchi 14. Nikapiga hesabu kwa chaki sakafuni. Tairi zima linasimama milimita 615 hivi, na ringi haifiki tatu ya tano yake. Kumbe nilikuwa nachora ringi kama sinia, mpira wake mwembamba kama bangili. Nati tano nazo zilinitesa wiki nzima, maana gurudumu likigeuka hazibaki na nafasi sawa machoni.

Baadaye nilisoma kwamba Albrecht Dürer, mchoraji mkubwa wa Ujerumani, katika kitabu chake cha vipimo cha 1525, aliichora duaradufu nene upande mmoja kama yai. Yai! Nilicheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta.

Bango la kwanza nililothubutu tena lilikuwa la Land Rover, robo tatu, matope hadi kwenye milango. Tairi linapogusa ardhi nililibonyeza kidogo, gari lisionekane linaelea. Nikampelekea yule mzee kabla ya mteja. Shikamoo yangu aliiitikia bila kunitazama. Akainama, akasogea, akafumba jicho moja.

"La nyuma kushoto," akasema, "liongeze upepo."